Utabiri wa Msimu na Wastani wa Miaka: Jinsi ya Kulisoma Tangazo la Mvua

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), anayeteremsha mvua kwa kipimo akitakacho, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.



Darsa la toleo hili linahusu tangazo ambalo sote hulisikia redioni mara mbili kwa mwaka: kabla ya Agatasi, mvua za Oktoba hadi Desemba, na kabla ya Urushana, mvua za Februari hadi Mei. Tangazo husema kuna uwezekano kadhaa wa mvua kuwa juu ya wastani, kadhaa kuwa za kawaida, na kadhaa kuwa chini ya wastani. Baada ya hapo nasikia kauli mbili. Moja naisikia msikitini: mvua ni katika ghaibu, anayeitabiri anajipa elimu isiyo yake. Nyingine naisikia sokoni Buyenzi: hawa watu walisema mvua nyingi mwaka ule na hatukuiona, ni waongo tu.

Kauli hizi mbili hazifanani, lakini mwisho wake ni mmoja: hakuna anayejiandaa. Na gharama yake tumeiona. Kati ya Septemba 2023 na Aprili 2024 zaidi ya watu 200,000 nchini Burundi waliathiriwa na mvua na mafuriko, na takriban 96,000 kati yao wakahama makazi yao. Aprili 2024 serikali yetu pamoja na Umoja wa Mataifa waliomba msaada wa dunia. Gatumba, Kajaga na sehemu za Kibenga zilikuwa majini.

Hoja yangu katika darsa hili ni moja: utabiri wa msimu ni ulinganisho. Unalinganisha msimu ujao na wastani wa miaka iliyopita. Asiyejua wastani huo ni upi hawezi kuuelewa utabiri, hawezi kumpima mtabiri kwa haki, wala hawezi kujua achukue hatua gani.

1. Tangazo linasema nini hasa?

Tangu 1998 wataalamu wa hali ya hewa wa eneo letu hukutana kabla ya kila msimu wa mvua na kutoa utabiri wa pamoja. Siku hizi mkutano huo husimamiwa na kituo cha ICPAC kilichoko Kenya, kinachohudumia nchi 11, Burundi ikiwemo. Kisha kila nchi huchambua utabiri wake yenyewe. Kwetu kazi hiyo ni ya IGEBU.

Tuone mafungu matatu yanapatikanaje. Chukua miaka 30, kwa mfano 1991 hadi 2020. Kwa kila mwaka andika jumla ya milimita za mvua za Oktoba hadi Desemba. Panga namba hizo 30 kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha kata mafungu matatu ya miaka kumi kumi. Fungu la kwanza ni la miaka yenye mvua chache, la pili ni la kawaida, la tatu ni la mvua nyingi. Tuseme, kwa mfano tu, fungu la chini linaishia milimita 270 na fungu la juu linaanzia milimita 350. Basi mvua ikifika milimita 360 tutasema ni juu ya wastani, na ikiwa 300 tutasema ni ya kawaida.

Sasa, mtu asiye na habari yoyote kuhusu msimu ujao ana cha kusema? Ndiyo, anacho. Kila fungu lina miaka 10 kati ya 30, kwa hiyo kila fungu lina asilimia 33. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia, na ndiyo sauti ya wastani. Mtabiri akisema 45 kwa mvua nyingi, 35 kwa kawaida na 20 kwa chache, maana yake ni kwamba dalili za mwaka huu zimeipandisha 33 ikawa 45 upande wa juu, na kuishusha 33 ikawa 20 upande wa chini.

Mjomba wangu analima mpunga katika bonde la Imbo. Nilimuuliza, "Mjomba, redio ikisema asilimia 45 ya mvua nyingi, wewe unaelewaje?"

Akanijibu, "Naelewa kwamba hawajui, mpwa wangu. Anayejua husema ndiyo au hapana."

Jibu lake lina ukweli. Kweli hawajui, nao wenyewe wanasema hawajui. Asilimia 45 juu maana yake ni kwamba kuna asilimia 55 ya mambo kutokuwa hivyo. Lakini kati ya kujua na kutojua kabisa kuna daraja, na sisi tunaosoma usulul fiqhi tunazifahamu: kuna yakini, kuna dhana yenye nguvu, kuna shaka, kuna wahmu. Sharia yenyewe hujengwa mara nyingi juu ya dhana yenye nguvu, kama katika kutafuta kibla au kukubali ushahidi wa watu wawili. Mkulima pia hupanda kwa dhana. Swali ni dhana yake ameitoa wapi.

Dalili zenyewe ni zipi? Kubwa ni joto la maji ya bahari. Maji ya Bahari ya Pasifiki yakipata joto kuliko kawaida upande wa kati na mashariki, hali hiyo huitwa El Niño, na mara nyingi huambatana na mvua nyingi za Oktoba hadi Desemba Afrika Mashariki. Dalili ya pili iko karibu zaidi nasi: Bahari ya Hindi ikiwa na joto zaidi upande wa pwani ya Afrika kuliko upande wa Indonesia, mvua zetu huongezeka. Mwaka 1997 dalili zote mbili zilikutana, na mvua zikawa kubwa mno. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa na nguvu sana, watu wakaogopa kurudi kwa 1997, lakini Bahari ya Hindi haikuwa kama ya 1997 na mvua hazikufikia kiwango kile. Mwaka 2019 hakukuwa na El Niño yenye nguvu, ila tofauti ya joto katika Bahari ya Hindi ilikuwa kubwa sana, na mafuriko yakaenea eneo zima. Kwa sababu dalili hizi hushika zaidi mvua za mwisho wa mwaka, utabiri wa Agatasi kwa kawaida huwa na uzito kuliko ule wa Urushana. Hilo nalo ni jambo la kukumbuka.

2. Je, huku si kuingilia ghaibu?

Aya ya mwisho ya Sura Luqman inataja mambo ambayo elimu yake iko kwa Allah, na kuteremka kwa mvua kumo ndani yake. Hatuna ruhusa ya kuipitia aya hii kwa haraka. Pia Bukhari na Muslim wamepokea hadithi ya Zayd bin Khalid al-Juhani: usiku mmoja pale Hudaybiya mvua ilinyesha, na baada ya Swala ya Alfajiri Mtume (S.A.W.) akabainisha kwamba mwenye kusema tumepewa mvua kwa fadhila za Allah ni muumini, na mwenye kusema tumepewa na nyota fulani ameiamini nyota.

Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa na elimu ya anwai: kila nyota fulani ikitua alfajiri na nyingine ikachomoza upande wa pili, walitarajia mvua ya aina fulani. Kwa lugha ya leo huo ulikuwa wastani wa msimu uliowekwa juu ya kalenda ya nyota. Lililokatazwa ni nini, kalenda au itikadi? Imamu Shafi'i katika kitabu cha al-Umm alitenganisha. Anayeamini nyota ndiyo inayoleta mvua, huyo ni kama watu wa jahiliya. Anayekusudia kwamba tumepata mvua katika wakati wa nyota fulani, huyo hakukufuru, ingawa Imamu alipendelea maneno mengine. Naye alitaja riwaya kwamba Umar bin al-Khattab (R.A.) akiwa juu ya mimbari aliuliza kumebaki muda gani wa Thuraya, yaani wakati ambao mvua huzoeleka. Umar hakuwa akiiomba nyota. Alikuwa akiuliza ada ya mwaka.

Vivyo hivyo Ibn Taymiyya alieleza kwamba kupatwa kwa jua na mwezi kuna nyakati zinazojulikana kwa hesabu, na kuzijua si kudai ghaibu. Allah ameweka mwendo, na anayeufuatilia mwendo huo huona sehemu yake.

Sasa tazama utabiri wa msimu. Kahini husema litakuwa. Mtabiri wa msimu husema asilimia 45. Hiyo namba ndiyo kukiri kwake kwamba elimu kamili haiko kwake. Tatizo huanza pale namba inapopotea njiani. Mtaalamu anasema 45, mtangazaji anasema mvua zinatarajiwa kuwa nyingi, jirani anasema redio imesema kutakuwa na mafuriko. Msimu ukiisha bila mafuriko, mtaalamu anaitwa mwongo kwa neno ambalo hakulisema. Ndiyo maana kauli ya msikitini na kauli ya sokoni zina mzizi mmoja: zote zimemsikia mtu anayedai kujua, wakati yeye alikuwa anakisia kwa kipimo.

Kugeuza namba kuwa ndiyo au hapana kuna hatari upande wa pili pia. Kenya, Oktoba 2023, Rais William Ruto alitangaza kwamba El Niño iliyokuwa ikisubiriwa haingekuja kwa ukali uliotajwa. Kufikia mwisho wa Novemba mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100 nchini humo.

3. Wastani wa miaka ipi?

Katika mlango wa hedhi, wanazuoni wanajadili mwanamke ambaye damu imemwendelea bila kukatika. Atajuaje siku zake? Kuna njia mbili. Moja ni ada, yaani arudi kwenye desturi yake ya miezi iliyopita. Nyingine ni tamyizi, yaani atazame sifa za damu ya sasa. Hanafi hutegemea ada. Hanbali huitanguliza ada juu ya tamyizi zikipingana. Shafi'i, madhehebu ya wengi wetu hapa, huitanguliza tamyizi kwa yule anayeweza kupambanua. Kisha linakuja swali jingine: jambo likitokea mara ngapi ndipo liitwe ada? Kwa kauli sahihi zaidi ya Mashafi'i, mara moja inatosha. Kwa Hanbali ni mara tatu.

Nimeuleta mfano huu kwa sababu wataalamu wa hali ya hewa wana mjadala wa sura hiyo hiyo. Wastani wa miaka ndio ada. Dalili za bahari ndizo tamyizi. Utabiri wa msimu ni kuitengeneza ada kwa tamyizi. Na swali la mara ngapi lipo pia: Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekubaliana juu ya miaka 30, na kipindi kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020.

Ada hiyo husogea. Marekani, ambako utabiri wa msimu wa vimbunga vya Bahari ya Atlantiki hutolewa tangu William Gray wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado alipouanzisha mwaka 1984, wastani wa miaka 1981 hadi 2010 ulikuwa dhoruba 12 zenye majina kwa mwaka. Walipohamia 1991 hadi 2020, wastani ukawa 14. Kwa hiyo mwaka wenye dhoruba 13 ulikuwa juu ya wastani kwa hesabu ya zamani, na uko chini ya wastani kwa hesabu mpya. Dhoruba ni zile zile, kilichobadilika ni kipimo.

Mababu wa pwani, walikotoka wengi walioleta Kiswahili na Uislamu hadi Ujiji na huku kwetu ziwani, nao walikuwa na ada yao. Mwaka wao wa jua ulianza na Nairuzi, ukahesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, na kwa hesabu hiyo nahodha alijua lini pepo hubadilika na mkulima alijua lini apande. Ahmad bin Majid, nahodha mashuhuri wa karne ya 15, alitaja nyakati za kusafiri kwa siku za Nairuzi. Lakini mwaka huo ulikuwa wa siku 365 bila siku ya nyongeza, hivyo husogea siku moja kila miaka minne. Aliyeshika namba ya babu yake bila kuirekebisha angejikuta anasubiri pepo siku isiyo yake.

Sasa tuje kwenye ziwa letu, maana hapa ndipo swali la miaka ipi linapouma. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 774 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 2024 lilikaribia mita 777, na watu wakasema jambo hili halijawahi kutokea. Limewahi. Baada ya mvua kubwa za 1961 na miaka iliyofuata, ziwa lilipanda mwaka 1964 hadi karibu kiwango hicho hicho. Na kabla ya hapo, katika miaka ya 1870, lilikuwa juu zaidi sana: mto Lukuga, ambao ndio mlango pekee wa maji kutoka, ulikuwa umezibwa na matope na mimea. Maji yalipoubomoa mlango huo, Edward Hore aliyekuwa akiishi Ujiji akauona mwaka 1879 ukitiririka kwa nguvu kuelekea Kongo. Ndani ya miaka isiyozidi 20 ziwa likashuka takriban mita 10.

Mtu aliyejenga ufukweni katika miaka ya 1990 aliutazama ufuko aliozoea kuuona, akauita ndio kawaida. Wastani wa 1991 hadi 2020 haumjui 1964 wala haumjui 1878. Ziwa linawajua wote wawili.

4. Jinsi ya kumpima mtabiri kwa haki

Tusimwite mtu mwongo kwa msimu mmoja, na tusimwamini kwa msimu mmoja. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado kilitabiri vimbunga 9 katika Atlantiki. Vilitokea 2 tu. Lilikuwa kosa kubwa, lakini swali la haki ni hili: kwa miaka mingi, je, utabiri wao unamshinda mtu ambaye kila mwaka husema wastani tu?

Mwaka 1950 Mmarekani Glenn Brier alitoa njia rahisi ya kupima. Jambo likitokea tunaandika 1, lisipotokea tunaandika 0. Tunatoa uwezekano aliotaja mtabiri kwenye namba hiyo, kisha tunazidisha tofauti kwa yenyewe. Jumla ikiwa ndogo, mtabiri ni bora.

Tujaribu. Mtabiri amesema asilimia 50 ya mvua nyingi katika misimu kumi tofauti. Mtu wa wastani amesema asilimia 33 misimu yote hiyo.

- Mvua nyingi zikitokea mara 5 kati ya 10: mtabiri anapata makosa ya 0.25 kila msimu, jumla 2.50. Mtu wa wastani anapata 0.44 katika misimu mitano na 0.11 katika mitano, jumla takriban 2.78. Mtabiri ameshinda.
- Mvua nyingi zikitokea mara 3 tu: mtabiri bado ana 2.50. Mtu wa wastani ana takriban 2.11. Mtabiri ameshindwa, na ingekuwa afadhali anyamaze na kutuachia ada.

Angalia kwamba katika mfano wa kwanza mtabiri bora alikosa mara tano kati ya kumi. Akisema 50 na ikatokea nusu ya mara, huyo amesema kweli. Jirani aliyekumbuka zile mara tano tu ndiye anayemwita mwongo.

5. Msimu si tukio, na wastani si usalama

Hapa ndipo wengi wetu tunateleza. Utabiri wa msimu husema jumla ya miezi mitatu. Hausemi usiku upi.

Mwaka 1992 msimu wa Atlantiki ulikuwa mtulivu, chini ya wastani. Lakini dhoruba ya kwanza iliyopewa jina mwaka huo ilikuwa kimbunga Andrew, kilichobomoa kusini mwa Florida mwezi Agosti. Mwaka 2010 vilitokea vimbunga 12, vingi mno, na hakuna hata kimoja kilichofika bara la Marekani kikiwa bado kimbunga. Kwa aliyepoteza nyumba, 1992 ndio mwaka mbaya.

Pwani ya Afrika Mashariki hupigwa na vimbunga kwa nadra sana, wastani wake kwa mwaka unakaribia sifuri. Hata hivyo Zanzibar ilipigwa Aprili 1872, Lindi ikapigwa Aprili 1952, na kimbunga Hidaya kikafika karibu na kisiwa cha Mafia Mei 2024. Wastani mdogo haukuwa ahadi.

Kwetu, usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, mvua ya saa chache iliporomosha maji na matope kutoka milimani hadi maeneo ya kaskazini ya Bujumbura, Kamenge na Kinama yakiwemo, na zaidi ya watu 60 walifariki. Allah awarehemu. Mvua ya usiku mmoja inaweza kuua ndani ya msimu ambao jumla yake itaandikwa kuwa ya kawaida.

Na ziwa lina hesabu yake ya pili. Maji yake hupungua zaidi kwa mvuke unaopaa, na kidogo tu hutoka kwa Lukuga. Kwa hiyo mvua za mwaka huu hulala juu ya maji ya mwaka jana. Likiwa tayari limejaa baada ya misimu kadhaa mizito, hata Urushana wa kawaida unatosha kuliingiza ndani ya nyumba za Gatumba, hasa Rusizi nayo ikiwa imefurika kama ilivyokuwa Aprili 2020. Tangazo likisema mvua za kawaida, usisikie hali ya kawaida.

6. Tufanye nini?

Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza kisha ategemee. Nabii Yusuf (A.S.) alipopewa habari ya miaka saba ya neema na saba ya ukame hakukaa akisubiri, aliweka akiba katika mashuke yake. Yeye alipewa kwa wahyi. Sisi tuna asilimia tu, na kwa asilimia pia inawezekana kupanga.

Kanuni ni nyepesi: linganisha gharama ya kujikinga na hasara utakayopata usipojikinga. Tuseme magunia ya mpunga ya mtu yana thamani ya franka 500,000, na kuyahamishia mahali pa juu kutamgharimu franka 50,000. Tuseme pia kwamba mvua zikiwa juu ya wastani maji huingia ghalani kwake. Gharama ni sehemu ya kumi ya hasara. Basi uwezekano ukizidi asilimia 10, kuhamisha kuna faida. Wastani peke yake, bila utabiri wowote, tayari unasema 33. Hata tangazo likisema 20, bado ahamishe. Hatua rahisi hazihitaji mtabiri hodari, zinahitaji kujua ada tu. Hatua ghali, kama kuhama nyumba au kubadili zao shambani, ndizo zinazohitaji utabiri wenye namba kubwa na rekodi nzuri. Hivyo ndivyo tunavyoitekeleza kanuni ya fiqhi kwamba madhara huzuiwa kadiri ya uwezo.

Napendekeza mambo manne kwa jumuiya yetu:

1. Kila tangazo la msimu likitoka, mmoja wetu alisome na kulibandika ubaoni msikitini likiwa na asilimia zake zote tatu, pamoja na ile 33 ya kulinganishia.
2. Tuulize maswali matatu kila mara: asilimia ngapi, wastani wa miaka ipi, na ziwa liko kiwango gani sasa?
3. Tuweke kipimo cha mvua uwanjani na tuandike kila asubuhi baada ya Alfajiri. Milimita moja ni sawa na lita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba, kwa hiyo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataelewa. Sisi hatutafikisha miaka 30, lakini watakaotufuata watafikisha, inshallah.
4. Mitaro ya Buyenzi isafishwe kabla ya Agatasi kila mwaka, utabiri uwe wowote, na mfuko wa sadaka wa maafa ujazwe kabla ya maji, si baada yake.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Tangazo linasema 40 juu, 35 kawaida, 25 chini. Limeongeza nini juu ya wastani? Mtu akisema redio imetabiri mvua nyingi, amekosea wapi?
2. Kuna tofauti gani kati ya kusema mvua imeletwa na El Niño na kusema mvua imekuja katika mwaka wa El Niño? Rejea ufafanuzi wa Imamu Shafi'i.
3. Taja hatua moja rahisi na moja ghali ambazo familia yako inaweza kuchukua kabla ya Urushana, na useme kila moja inahitaji asilimia ngapi.

Tunamwomba Allah aijaalie mvua yetu kuwa ya manufaa isiyo na madhara, aituzunguke na isituangukie, awape makazi waliohamishwa na maji, na atupe elimu yenye kututoa kwenye uvivu wa kusema hatujui na kiburi cha kusema tunajua. Wabillahi tawfiq.